Simu ikiibwa, sarafu zinakwenda wapi?

Ukipita kwenye vijiwe vya Mtwara mjini, au stendi ya Masasi msimu wa malipo ya korosho, hutakosa kijana anayezungumzia USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola. Bei ya leo anaijua, na nani ananunua kwa bei nzuri anamjua pia. Muulize swali moja tu: simu yako ikiibwa usiku huu, hela yako imekwenda? Hapo majibu yanaanza kugongana. Mmoja atasema imekwenda yote. Mwingine atasema hapana, atapiga huduma kwa wateja wafunge. Wa tatu atakwambia hana wasiwasi kabisa, kwa sababu maneno yake 12 ya siri ya kurejesha sarafu ameyapiga picha, yamo humo humo kwenye simu.

Wote watatu wamechanganya vitu ambavyo vinafaa kutenganishwa. Kabla ya kuvitenganisha, neno moja kuhusu sheria ili tusirudi huko tena. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari kwa umma mwezi Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali ya malipo nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa ajili ya sarafu hizo, na mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaja na kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi si sawa na kulindwa. Bima ya amana inayomlinda mwenye akaunti benki haifiki huku. Wala makala hii haimshauri mtu anunue chochote. Inazungumza na yule ambaye tayari anazo.

Sasa tuanze na majina. Sarafu kama Bitcoin, iliyoanza 2009, na zile zinazotembea juu ya mtandao wa Ethereum, ulioanza 2015, huandikwa kwenye daftari la pamoja linaloitwa blokucheni. Ni kumbukumbu ya anwani ipi ina kiasi gani, na nakala zake zimo kwenye maelfu ya kompyuta duniani kote, bila ofisi kuu ya kuisimamia. Juu ya madaftari ya namna hii watu wamejenga programu za kukopa, kukopesha na kubadilishana sarafu bila benki katikati. Hizo ndizo wenyewe wanaziita difai. Anwani ni namba yako ya kupokelea, unaweza kumpa yeyote. Pochi ni programu ya simu au kifaa kidogo cha kuandikia maagizo yako kwenye daftari. Na ufunguo binafsi ni namba ya siri inayothibitisha kwamba agizo limetoka kwako.

Korosho iko ghalani

Mkulima wa Newala au Nachingwea ana nafasi ya kulielewa jambo hili upesi kuliko mtu aliyezoea benki tu. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho imekuwa ikiuzwa kwa stakabadhi ghalani. Unapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unaandikwa, korosho inakwenda ghala kuu kusubiri mnada. Unarudi nyumbani na karatasi. Hakuna anayedhani kilo zake mia nne zimo ndani ya ile karatasi. Ziko ghalani, na daftari linasema ni zako.

Sarafu ni hivyo hivyo. Hazimo kwenye simu, na hazijawahi kuwamo. Ziko kwenye daftari, na ulichonacho wewe ni uwezo wa kuagiza zihamishwe. Ndiyo maana tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini zilipokatika na nusu ya nchi ikabaki inazungusha kiduara kwenye skrini, hakuna sarafu ya mtu iliyopotea kwa sababu hiyo. Daftari liliendelea kuandikwa kwingineko duniani.

Lakini mfanano unaishia mlangoni mwa chama cha msingi, na tofauti iliyopo hapo ndiyo inayowaliza watu. Karatasi ya korosho ikiliwa na panya, unakwenda kwa katibu. Anakujua, jina lako liko kitabuni, jirani atashuhudia kwamba mlipima siku moja. Utazungushwa, utaambiwa njoo Jumatatu, ila mwisho lipo dirisha la kugonga. Kwenye blokucheni hakuna katibu. Daftari halina jina lako, halina picha yako, halijui kama wewe ni wa Ligula au wa London. Linajua saini tu. Anayeweza kusaini kwa ufunguo ule ndiye mwenye mali, na mwizi akiupata, basi mbele ya daftari mwizi ndiye mwenye mali kwa haki ile ile uliyokuwa nayo wewe jana.

Mazoea yetu ya fedha za simu yanatudanganya hapa. Ukisahau namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money, unapiga simu, unaulizwa maswali, unapewa nyingine. Ukituma kimakosa, unaweza kuomba muamala urudishwe. Kampuni ina daftari lake na ina mamlaka ya kulirekebisha. Difai iliundwa makusudi ili asiwepo mtu mwenye mamlaka hayo. Kwa anayeogopa kufungiwa akaunti, hilo ni jambo la kufurahia. Kwa aliyeibiwa ni msiba, na sifa ni ile ile moja.

Maneno 12 ni kitu gani hasa

Ufunguo binafsi ni namba kubwa inayoweza kufika tarakimu 78. Binadamu hawezi kuinakili bila kukosea, kwa hiyo pochi nyingi zinaificha nyuma ya maneno 12 au 24. Maneno hayo huchaguliwa na programu, kwa bahati nasibu, kutoka orodha maalumu ya maneno 2,048. Kutoka kwenye maneno hayo pochi inapiga hesabu na kupata funguo zako zote, na kutoka kwenye funguo inapata anwani. Hesabu hizo zinakwenda upande mmoja tu: ukiwa na maneno utapata anwani, ila ukiwa na anwani huwezi kurudi nyuma ukapata maneno. Kumpa mtu anwani si hatari kwa sababu hiyo.

Mpangilio ni sehemu ya siri. Neno la tatu likikaa nafasi ya nne, hiyo ni pochi nyingine au si pochi kabisa. Orodha ina matoleo ya lugha kadhaa, Kiswahili hakimo, kwa hiyo andika neno kama lilivyo, usilitafsiri. Kwenye orodha ya Kiingereza herufi nne za mwanzo zinatosha kulitofautisha kila neno na mengine yote; hilo litatufaa baadaye.

Watu huuliza: hakeri hawezi kukisia? Maneno yaliyochaguliwa na programu nzuri, hapana. Kompyuta zote zilizopo zingekisia hadi kizazi chetu kiishe. Yanayokisiwa ni yale ambayo mtu amejitungia mwenyewe: mstari wa wimbo, aya, methali, majina ya watoto. Wezi wana programu zinazojaribu sentensi za aina hiyo mchana na usiku, na pochi zilizotengenezwa kwa sentensi za kujitungia zimekombwa tangu miaka ya mwanzo ya Bitcoin.

Sasa turudi kwa simu iliyoibwa. Ile PIN au alama ya kidole unayofungulia pochi si ufunguo binafsi. Ni kufuli la programu kwenye simu ile moja. Simu ikiibwa na maneno yako yameandikwa mahali pengine, unayaingiza kwenye simu nyingine, pochi inarudi na kila kitu chake, kisha unahamishia sarafu kwenye pochi mpya haraka kabla mwizi hajafaulu kuvunja kufuli. Kama hayakuandikwa popote, sarafu zitaendelea kuonekana kwenye daftari kwa dunia nzima, na hutazigusa tena. Na kama yalikuwa kwenye picha za simu ile ile, mwizi hana haja ya kuvunja pochi. Anahitaji kufungua picha tu.

Hata simu isipoibwa, picha ni hatari. Mapema mwaka 2025 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza kuhusu programu hasidi iliyoipa jina SparkCat. Ilikuwa imejificha ndani ya programu za kawaida, nyingine zikipatikana kwenye maduka rasmi ya Google na Apple, na kazi yake ilikuwa kusoma maandishi yaliyomo kwenye picha za simu, ikitafuta maneno ya kurejesha pochi. Picha hiyo hiyo mara nyingi imekwishajinakili kwenye hifadhi ya mtandaoni bila wewe kukumbuka.

Aliyekwisha piga picha asiridhike kwa kuifuta. Maneno hayabadiliki kama PIN, yakishaonekana yameonekana. Fungua pochi mpya, andika maneno yake kwa kalamu, ifute pochi hiyo kwenye simu kisha uirejeshe kwa kusoma karatasi yako, uone kama anwani ni ile ile. Ikikubali, tuma kiasi kidogo kwanza, halafu salio lote. Usisahau kubakiza sarafu ya kulipia ada ya mtandao: wengi wamekwama na USDT kwenye TRON, blokucheni nyingine, kwa kukosa kiasi kidogo cha TRX, sarafu ya mtandao huo, ya kuzitoa.

Ufunguo uko kwa nani?

Wengi wanaosema wana pochi, wana akaunti kwenye soko la kubadilishia sarafu. Uliingia kwa barua pepe na nywila, hukuwahi kupewa maneno: basi funguo wanazo wao, na ulichonacho wewe ni ahadi. Ahadi huvunjika. Soko la Mt. Gox la Tokyo lilianguka 2014 likisema bitcoin zipatazo 850,000 hazionekani, na baadaye zikapatikana kama 200,000 tu. FTX iliporomoka Novemba 2022, wateja wakiwa wanaona salio lao kwenye skrini ila hawawezi kulitoa.

Kuna watu wanaotumia mifano hiyo kuwaamuru wote wabebe funguo wenyewe. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. James Howells wa Newport, Wales, alishika funguo zake mwenyewe, na mwaka 2013 diski iliyokuwa nazo ikaishia dampo pamoja na takriban bitcoin 8,000. Ameomba kwa miaka dampo lichimbwe, na Januari 2025 mahakama ikaitupa kesi yake dhidi ya halmashauri. Kijana mwenye laki moja, anayeishi chumba cha kupanga Chikongola na kubadili simu mara kwa mara, huenda akawa salama zaidi na soko kubwa lenye jina kuliko na karatasi iliyo chini ya godoro. Mwenye akiba ya kujengea nyumba hesabu yake ni nyingine.

Huhitaji kuibiwa ufunguo ili uibiwe

Sehemu hii ndiyo ngumu, na ndiyo inayowapiga hata wazoefu.

Unapohamisha sarafu, ufunguo wako hautumwi popote. Pochi inachukua agizo, inalipigia hesabu pamoja na ufunguo, na kutoa saini. Kompyuta za mtandao zinaikagua saini bila kuuona ufunguo. Kwa hiyo hakuna kazi halali, iwe ya fundi, admini wa grupu au mtoa huduma, inayohitaji umpe mtu ufunguo au maneno. Anayeyaomba ni ndugu wa yule wa “ile hela tuma kwenye namba hii”.

Tatizo ni kwamba saini inaweza kumaanisha mengi zaidi ya “tuma kiasi hiki kwa fulani”. Programu za difai haziwezi kugusa sarafu zako mpaka uzipe ruhusa. Mara ya kwanza unapotaka kubadilisha USDT kwa sarafu nyingine kwenye Ethereum, pochi hukuletea ujumbe: programu hii inaomba ruhusa ya kuchukua USDT zako. Unataka kubadilisha 20. Tazama kiasi kilichoandikwa. Mara nyingi si 20, ni namba ndefu isiyo na mwisho wa maana, au neno linalosema bila kikomo. Wengi hubonyeza kuthibitisha kwa sababu kitufe kina rangi nzuri na wana haraka.

Ni sawa na kuandika barua kwa ghala: “Mwenye barua hii achukue korosho yangu yoyote, wakati wowote, pamoja na ya misimu ijayo.” Barua hiyo haifi ukifunga tovuti. Haifi ukibadili PIN, wala ukifuta programu ya pochi. Miezi sita baadaye unaweka USDT 500, na kama programu ile imeingiliwa, au ilikuwa ya kitapeli tangu mwanzo, zinachukuliwa bila simu yako hata kuuliza. Daftari litaonyesha kwamba uliruhusu.

Desemba 2021 hilo liliwapata watumiaji wa mradi wa difai uitwao BadgerDAO. Wavamizi waliingiza msimbo wao kwenye tovuti halisi ya mradi, watu wakasaini ruhusa wakidhani ni shughuli ya kawaida, na zikaondoka mali za takriban dola milioni 120. Maneno 12 ya watu hao yalibaki salama kabisa kwenye makaratasi yao. Februari 2025 likatokea kubwa kuliko hilo: soko la Bybit lilipoteza karibu dola bilioni 1.5 kutoka pochi iliyohitaji saini za watu kadhaa. Wasainiji walionyeshwa skrini ya muamala wa kawaida, huku walichosaini kikiwa kingine. Shirika la FBI la Marekani limesema waliohusika ni wa Korea Kaskazini.

Kama wataalamu wenye vifaa na utaratibu walisaini wasichokiona, mimi na wewe tunaopitisha mambo kwa simu yenye skrini iliyopasuka tujipangie namna. Inayofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuwa na pochi mbili zenye maneno tofauti. Ya akiba haiunganishwi na tovuti yoyote, kamwe. Kazi yake ni kupokea na kutuma tu. Ya mizunguko ndiyo inayoingia difai, ikiwa na kiasi ambacho kikiondoka utalalamika lakini watoto watakula. Ruhusa ziandikwe kwa kiasi unachotumia siku hiyo. Za zamani zinaweza kukaguliwa na kufutwa kupitia huduma kama Revoke.cash, na kila kufuta ni muamala wenye ada yake. Andika anwani ya tovuti mwenyewe badala ya kubonyeza tangazo la kwanza kwenye utafutaji, maana matapeli hununua matangazo hayo.

Vifaa vya pochi, vile vidogo kama vya Ledger au Trezor, vinaweka ufunguo mbali na simu, na hilo ni jema. Havikuzuii kusaini upuuzi. Soma skrini ya kifaa chenyewe, si ya simu. Na kikija na maneno 12 tayari yameandikwa kwenye kadi, hicho ni mtego: aliyeyaandika anayo nakala.

Kuna utapeli mmoja unaokwenda kinyume, nao unawapata hasa wanaojiona wajanja. Kwenye grupu anaingia mtu mpole: “Kaka samahani, mimi mgeni huku. Nina USDT kwenye pochi sijui kuzitoa, maneno yangu ni haya.” Anayamwaga yote 12. Unayaingiza, unaziona USDT kweli, za mamia. Pochi inachokosa ni TRX ya ada tu. Unaweka TRX zako kidogo ili ukwapue, na zinaondoka, au zinabaki na USDT hazitoki. Pochi ile imewekwa kwenye TRON kwa namna ambayo mamlaka ya kusaini yapo kwenye ufunguo mwingine. Huwezi kwenda kushtaki, utasemaje?

Mchwa, unyevu na mirathi

Ukiamua kushika funguo mwenyewe, adui wa kwanza huku kwetu wala si hakeri. Ni unyevu wa pwani, mchwa, na maji. Kimbunga Hidaya na mvua zake za Mei 2024 zilikata barabara ya kusini pale Somanga. Karatasi ndani ya nyumba iliyoingia maji isingehimili. Andika kwa penseli, maana wino wa kalamu nyingi huyeyuka ukilowa, funga kwenye plastiki, na weka nakala ya pili nyumba nyingine, si droo nyingine. Kwa akiba kubwa, tumia bati nene lisiloshika kutu na seti ya herufi za kugongea ambazo mafundi vyuma wanazo. Azima seti, ugonge mwenyewe. Herufi nne za kila neno zinatosha, pamoja na namba ya nafasi yake, kwa hiyo ni kazi ya jioni moja. Kumpa fundi karatasi akugongee ni kumpa pochi.

Linalosahaulika zaidi ni kifo. Mtu akifariki, Mahakama ya Mwanzo inateua msimamizi wa mirathi, na barua yake inasikilizwa benki na kwenye kampuni za simu. Daftari la pamoja halisomi barua. Kama maneno yalikuwa kichwani mwa marehemu, yamezikwa naye, na warithi watabaki kuiangalia anwani yenye salio.

Kugawa maneno, sita kwa mke na sita kwa kaka, kunaonekana ni ujanja, lakini mmoja akipoteza sehemu yake nyote mmekosa, na mwenye sita amerahisishiwa sana kazi ya kukisia yaliyobaki. Njia iliyo sawasawa ni pochi ya saini za pamoja: funguo tatu kwa watu watatu, mbili zikitosha kutoa. Mmoja akifa au akipoteza, wawili wanafungua. Mmoja akiingiwa na tamaa, peke yake hawezi. Ila funguo zikae mbalimbali kweli. Ronin, mtandao mwingine wa sarafu, ulihitaji saini tano kati ya tisa, na Machi 2022 wavamizi walizipata tano, kwa sababu nne zilikuwa chini ya kampuni moja na ya tano ilikuwa imeachiwa njia ya kuitumia. Wakaondoka na zaidi ya dola milioni 500.

Kwa asiyetaka ugumu huo, iandikwe barua ya kawaida kwa mtu mmoja unayemwamini: ni sarafu gani, mtandao upi, programu ipi ya pochi, bati liko wapi. Maneno yenyewe yasiwemo. Na huyo mtu awe amewahi, walau mara moja ukiwa hai, kurejesha pochi ndogo ya majaribio mbele yako, kwa sababu siku atakayoihitaji barua hiyo atakuwa na msiba nyumbani, na grupu la WhatsApp litakuwa limejaa watu wapole wanaojitolea kumsaidia.